Mfuniko Uliofunikwa Vigae

Mwonea aibu mfuniko huaibika sebuleni.

Ndivyo alivyosema Mzee Ngusa mchana huu, alipomkuta kijana mmoja anajenga kibaraza juu ya chemba ya maji taka. Ninyi mkacheka, kisha mkanijia na maswali: mfuniko gani, na sebule ya nani? Haya, sogeeni. Punguzeni kelele za karanga hizo, maana sauti yangu siyo ile ya kwaya ya zamani. Methali hii haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa Ilomero, kwenye mstari huu wa nyumba za juu, katika nyumba ya mjane mmoja aliyeitwa Veridiana, ambaye watu wote walimwita Mama Gaudensi. Na ilianza hivi.

Mji wetu ni wa mteremko, mnauona. Waliolaza bomba la maji taka, enzi za kujengwa kwa reli, hawakulipitisha barabarani. Walilipitisha kwenye nyua za watu, nyumba hadi nyumba, kutoka huku juu mpaka yale mabwawa ya chini penye matete. Kila ua ukapata chemba yake na mfuniko wa chuma, mzito hasa, wa kuinuliwa na watu wawili. Mji ulikuwa na wazibuaji wa bomba wachache na fito zao, tena wakati mwingine fito zenyewe zilikuwa zimevunjika. Kwa hiyo watu walijiwekea desturi.

Kando ya kila mfuniko liliwekwa jiwe. Ukiona maji yanapanda, au choo kinakataa kumeza, hukimbii huku na huku. Unachukua jiwe, unaupiga mfuniko. Chuma kinalia. Jirani wa juu yako akisikia, anaupiga wake, na wa juu yake naye vivyo hivyo, mpaka mstari mzima unajua. Hapo hakuna kufua, hakuna kuoga, hakuna kuvuta maji ya choo. “Mfuniko ukilia, maji hukaa ndooni,” watoto walifundishwa hivyo kabla hata hawajajua sala ya chakula. Na wazibuaji wakisikia, wanaanzia chini wakipanda, wakifungua chemba moja baada ya nyingine. Wakiikuta kavu, wanapanda. Wakiikuta imejaa, wanajua kizibo kiko kati ya hiyo na ile kavu waliyoiacha. Hivyo tu. Mji ukaishi.

Sasa, mfuniko wa Mama Gaudensi ulikuwa mbele ya mlango wake kabisa. Huwezi kuingia kwake bila kuuruka au kuukanyaga. Kwa miaka mingi haukumsumbua. Alianikia mihogo juu yake, na mwanawe Gaudensi alipokuwa mdogo alichezea hapo kete. Ulianza kumsumbua siku ile watu wa upande wa binti aliyeposwa na Gaudensi walipokuja kuiona nyumba kabla ya harusi. Mama wa binti, alipofika kwenye mfuniko, aliinua upande wa kitenge akaziba pua, ingawa hapakuwa na harufu yoyote. Akamwambia dada yake, tena si kwa sauti ya chini, “Kumbe hapa choo ndicho kinachopokea wageni.”

Neno lile lilimwingia Mama Gaudensi kama mwiba wa samaki. Hakulisahau.

Harusi ilifungwa. Binti, Leokadia, akaja, akazaa mtoto wa kiume. Mtoto alipoanza kukaa, jambo likatokea. Jioni moja Gaudensi alianguka jikoni mbele ya mkewe, akapigapiga miguu, povu likamtoka mdomoni. Leokadia akapiga ukunga. Mama Gaudensi akaja mbio, akamlaza mwanawe ubavu, akampangusa, na alipoulizwa ni nini akasema, “Malaria. Imempanda kichwani.”

Haikuwa malaria. Gaudensi alikuwa na kifafa tangu utoto wake, na mama yake ndiye aliyemkataza kusema. “Wakijua, hakuna atakayekupa binti,” alimwambia kabla ya posa. Basi Leokadia alilala siku chache akiwa macho wazi, kisha akambeba mtoto mgongoni akarudi kwao. Hakumtukana mtu. Alisema tu, “Naenda kusalimia,” na hakurudi.

Mama Gaudensi alibaki na nyumba iliyo kimya. Nepi za mtoto aliziacha kwenye kamba hata zilipokauka, hakuweza kuzianua. Ndipo ujumbe ukaja kwamba Jumamosi wazee wa upande wa mke watakuja na binti yao kukaa kikao. Wakiridhika, binti na mtoto wanabaki siku hiyo hiyo. Wasiporidhika, wanaondoka naye, na wasitafutwe tena.

Unadhani mama yule alianza kufikiria atasema nini? Hapana. Alianza kufikiria mfuniko.

Alimwita fundi, akamwambia auwekee ua wote vigae vyekundu kutoka mlangoni hadi kwenye uzio. Fundi alipofika kwenye chuma akasimama.

“Mama, na huu?”

“Funika.”

“Na kamati ya mstari, inayosimamia mifuniko, je?”

“Kamati ndiyo itakayoniletea mkwe? Nimesema funika.”

Fundi akafanya alivyoambiwa, mtu na kazi yake. Kabla ya kuufunga, yeye na kibarua wake waliuinua, akasuuza ndoo zake za saruji humo humo ndani ya chemba, na mabaki yote yakaingia kwenye bomba. Mama Gaudensi alimwona. Akajisemea, maji yatapeleka. Kisha saruji ikapakwa, vigae vikapangwa, na lile jiwe likaenda kuegemeza mlango wa banda la kuku.

Jumamosi aliamka kabla ya kengele ya kanisa, na tangu alipoweka mguu chini hakutulia. Alifagia ua usiokuwa na kitu cha kufagiwa. Alipanga viti, akavipangua. Alifunua sufuria ya nyama, akaifunika, akaja tena kuifunua kana kwamba nyama ingetoroka. Alipokwenda bafuni kumwaga maji aliyonawia, maji yalizunguka juu ya tundu, yakasimama, kisha yakashuka polepole sana, na tundu likatoa sauti kama ya mtu anayemeza kidonge kikubwa.

“Glo.”

Akasimama akilitazama. “Ni asubuhi,” akajiambia. “Bomba nalo limelala.”

“Mama!” Gaudensi aliita kutoka upande wa pili. “Choo kinakataa.”

“Kinakataa nini?”

“Kinameza kidogo, kinarudisha.”

“Mwagia taratibu, usikikasirishe. Halafu njoo ukae. Usibebe kitu chochote leo, usisimame juani. Na wakikuuliza kuhusu jikoni, niachie mimi.”

“Mama, mimi nilidhani leo…”

“Niachie mimi.”

Gaudensi alikuwa fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache, na mbele ya mama yake hata hayo machache aliyapunguza.

Wageni walifika jua likiwa limeshapanda. Alitangulia Mzee Kalinjuma, baba mkubwa wa Leokadia, akiwa na bakora yake, akafuata mama wa Leokadia, kisha Leokadia mwenyewe na mtoto mgongoni. Mama Gaudensi alimwona mtoto yule kichwa kimeegemea upande, mate yanamtiririka begani mwa mama yake, na mikono ikamwasha kutaka kumpokea. Lakini hakuthubutu. Kikao bado.

Mama wa Leokadia alipokanyaga vigae alipunguza mwendo. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

“Hapa palikuwa na kitu,” akasema.

“Palikuwa na nini, mkwe?”

“Hata sikumbuki.”

Mama Gaudensi akashukuru kimoyomoyo, Mungu amsamehe, kana kwamba ni Mungu aliyemtuma fundi yule.

Walisali, wakanywa chai. Mzee Kalinjuma aliweka kikombe chini, akajikohoza. “Mama Gaudensi, sisi hatukuja kugombana. Mtoto wetu hakupigwa hapa, hakunyimwa chakula, hilo amesema mwenyewe. Nina swali moja tu, na majibu yake ndiyo yatatuambia kama tunamwacha hapa au tunaondoka naye. Siku ile Gaudensi alipoanguka jikoni, ilikuwa ni nini?”

Gaudensi alitazama sakafu. Mama yake akatabasamu, tabasamu la kupokelea wageni.

“Malaria, mzee. Ilimpanda kichwani. Si mnajua msimu ule ulivyokuwa.”

“Glo,” likasema tundu la bafuni.

Wote wakageuza shingo.

“Ni nini hicho?” aliuliza mama wa Leokadia.

“Paka.”

“Paka anasema glo?”

“Ngojeni nilete maji ya kunawa,” alisema Mama Gaudensi, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshainuka.

Bafuni hapakuwa tena na tundu. Palikuwa na dimbwi jeusi lenye matonge ya mafuta juu yake, na lilikuwa linapanda mbele ya macho yake. Na kutoka juu, kupitia dirishani, alisikia sufuria zikigongana na maji yakimwagwa kwa wingi. Ni kwa jirani yake wa juu, Bi. Mwamvita, mpishi wa shughuli. Siku iliyotangulia Bi. Mwamvita alikuwa amepika walima, karamu ya harusi ya watu, na sasa masufuria yote ya pilau yalikuwa yanasafishwa. Zamani, chemba ikijaa, uchafu ungeusukuma ule mfuniko na kutokea uani. Sasa mfuniko ulikuwa umezibwa kwa saruji, na uchafu hauna subira. Ukifungiwa mlango huu, hutafuta mwingine.

Alipita mlango wa nyuma, akapanda kwa Bi. Mwamvita nusu anakimbia, nusu anajizuia, asionekane na wageni kupitia dirishani.

“Karibu, Mama Gaude! Wakwe wamefika? Ua umeuweka kama wa benki, mwenzetu!” Bi. Mwamvita alikuwa amekunja kanga hadi mapajani, mikono imejaa masizi na majivu, na wasichana wake wawili walikuwa wanasuuza.

“Shoga, naomba muache kuosha kidogo.”

“Kwa nini?”

“Wageni wangu… hizi kelele za masufuria.”

“Wana maradhi ya masikio?”

Wasichana wakacheka. Mmoja akainua sufuria kubwa, akaimwaga yote. Mama Gaudensi aliyasikia maji yakianguka chembani, yakinguruma kuelekea chini, na alijua yanakwenda kwa nani.

“Basi maji tu!” akasema. “Sufuria gongeni, lakini msimwage maji.”

Bi. Mwamvita akaacha kusugua. Akamtazama vizuri. “Kuna kitu kinapanda kwako?”

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, wanangu. Neno moja tu, ndiyo, lingetosha. Lakini ndiyo ingezaa swali la pili: kama kinapanda, mbona hujaupiga mfuniko? Na swali la pili lingezaa kamati, na kamati ingekuja na makelele yake hadi mlangoni, wakwe wakitazama.

“Hakuna kinachopanda. Nasema tu.”

“Kama hakuna, niache nimalize, wenye sufuria wanazitaka kabla ya adhuhuri. Chemba yangu hii hapa, tazama, inashuka vizuri. Na wako haujalia, Mama Gaude. Ukilia, nitakaa na masizi haya mpaka kesho, wallahi. Lakini kwa mdomo? Nilishazuiwa kwa mdomo na yule wa kule mwisho, kumbe ana chuki na biashara yangu tu. Mdomo unaweza kuwa na ugomvi. Chuma hakina. Nenda kaupige, si uko hapo mlangoni kwako?”

Mama Gaudensi akageuka. Alipokuwa anashuka aliinua mkono, akauteremsha, akasimama, akataka kurudi juu, akasikia sufuria nyingine ikimwagwa, akaendelea kushuka.

Alipofika, maji yalikuwa yameshapita chini ya mlango wa bafu, yamepita ujiani, na yalikuwa yanaingia sebuleni. Mkeka mpya ulikuwa umelowa nusu. Mzee Kalinjuma alikuwa ameinua miguu yote miwili juu ya stuli, bakora mapajani, kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Mama wa Leokadia alikuwa amesimama juu ya kiti, kitenge puani, na safari hii alikuwa na haki. Kandambili moja ya Gaudensi ilikuwa inaelea ikielekea mlangoni, na mtoto mgongoni mwa Leokadia alikuwa anaishangilia kwa mikono miwili.

“Twende zetu,” alisema mama wa Leokadia. “Leokadia, twende. Nilisema mimi.”

Lakini Leokadia alikuwa ameishi kwenye mstari. Alimtazama mama mkwe wake.

“Mama, mbona hujaupiga mfuniko?”



Leokadia akaenda mlangoni, akachungulia uani. Akaitazama ile bahari ya vigae vyekundu. “Mama, mfuniko uko wapi?”

Mama Gaudensi alitazama ile kandambili. Ilikuwa imefika kizingitini.

“Chini ya vigae.”

“Umeufunika?”

“Nimeufunika.”

Hakungoja aulizwe kwa nini. Alitoka mbio hadi bandani, akachukua mtaimbo uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaja nao uani, akauinua kwa mikono miwili na kuushusha. Kigae kikapata ufa. Akapiga tena. Kipande kikaruka. Mtaimbo ukamteleza.

“Mama, nipe,” alisema Gaudensi nyuma yake.

“Kaa ndani! Jua kali, utakuja ku…”

Akajikata. Mzee Kalinjuma alikuwa amesogea mlangoni, bakora mkononi, masikio wazi.

“Nipe, mama.”

Alimtazama mwanawe. Akatazama maji yanayotoka kizingitini. Akaachia. Gaudensi alipiga kama mtu anayefungua gereza. Vigae viliruka vikiwa vyekundu na kuanguka vikiwa vumbi, saruji ikapasuka, na pigo moja likatoa sauti nyingine, sauti nzito ya chuma kilichozibwa mdomo. Akafagia kwa mguu, akapiga tena pale pale. Mfuniko ukalia.

Huko juu sufuria zikanyamaza. Kisha mfuniko wa Bi. Mwamvita ukalia. Kisha wa juu yake. Sauti ikapanda mlima, nyumba hadi nyumba, mpaka ikawa ndogo kama kijiko kwenye kikombe, na mstari mzima ukashika ndoo zake. Ndani ya nyumba ya Mama Gaudensi maji yalipanda kidogo tena, ya mwisho yaliyokuwa njiani, halafu yakasimama.

Ngusa na mwenzake walikuja wakitokea chini. Ndiye huyu huyu Mzee Ngusa. Wakati huo alikuwa na meno yote. Chemba zote za chini walikuwa wamezikuta kavu. Waliunyanyua mfuniko, chemba imejaa hadi ukingoni, wakaingiza ufito. Ufito uligonga kitu na kurudi. Wakasukuma, wakazungusha, wakasukuma. Kwa muda mrefu ikawa ni kuhema kwao tu. Kisha kitu kikaachia. Chemba ikavuta pumzi, maji yakazunguka na kushuka kwa mngurumo, na ndani ya nyumba tundu la bafu likasema glo, glo, glo, kama mgonjwa aliyepata nafuu na sasa anaomba uji. Wakashuka chemba ya pili, wakakidaka kile kizibo na kukiinua juu ya koleo: tonge la saruji, mviringo kama bomba lenyewe, limejivisha mafuta ya pilau na nywele.

“Hiki,” alisema Ngusa, “hakikutoka tumboni mwa mtu.”

“Ni saruji ya vigae vyangu,” alisema Mama Gaudensi.

Ngusa alimtazama, akatazama ua, akatikisa kichwa. Alimwaga chembani ndoo ya maji yenye bluu ya kufulia kuijaribu njia, mwenzake akapaza sauti kutoka chini kwamba imepita, wakakusanya fito zao.

Lakini Bi. Mwamvita hakuwa mtu wa kukaa na neno. Alikuwa ameteremka na fagio lake na debe la majivu, akasimama mlangoni mwa sebule. Aliutazama mkeka. Akatazama viti vilivyokuwa vimepambwa kwa vitambaa vya kufuma, miguu yao ndani ya uchafu. Akaweka mkono kiunoni.

“Ewe mwenzangu! Mfuniko uliuonea aibu, haya, sasa unaaibika sebuleni!”

Kisha akafunga kanga yake vizuri, akaingia, akaanza kusukuma maji nje, na wasichana wake nyuma yake. Ngusa alicheka mpaka akaketi juu ya fito. Hata Mzee Kalinjuma alifunika mdomo kwa kiganja. Mama wa Leokadia, ambaye alikuwa ameshateremka kwenye kiti chake na kutoka uani, aliutazama ule mfuniko uliozungukwa na vigae vilivyovunjika.

“Ndicho nilichokuwa nakitafuta asubuhi,” akasema taratibu, na kitenge kikashuka puani. Sijui kama alikumbuka neno lake la zamani. Mama Gaudensi hakumkumbusha.

Sebule haikuwa ya kukaliwa. Viti vikatolewa, vikawekwa uani upande wa upepo, juu ya vigae vichache vilivyobaki vizima. Wazibuaji wakaenda zao. Bi. Mwamvita alikuwa bado ndani anafagia na kuimba. Mzee Kalinjuma akaketi, akaweka bakora katikati ya magoti.

“Mama Gaudensi, niliuliza swali kule ndani, ukanijibu, maji yakatukatiza. Sikusikia vizuri. Nauliza tena. Siku ile Gaudensi alipoanguka, ilikuwa ni nini?”

Angeweza kusema malaria mara ya pili. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, lilikuwa limezoea njia. Aliisugua mikono yake, akaitazama: kucha zimejaa saruji. Akamtazama Gaudensi, shati lake la wakwe limelowa hadi kifuani. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri mikono yake ikatulia.

“Ni kifafa,” akasema. “Anacho tangu alipokuwa wa kutambaa. Si yeye aliyewaficha, ni mimi. Nilimfunga mdomo kwa sababu nilijua watu wanavyosema, kwamba kinaambukiza, kwamba ni laana. Masista wa zahanati wanampa dawa, na akiinywa bila kukosa haanguki. Siku ile ya jikoni alikuwa amekosa. Alikosa kwa sababu tulipata wageni, nikaona haya wasije wakaziona dawa zake, nikazificha mahali ambapo yeye mwenyewe hakuzipata.”

Gaudensi aliinua uso. Hilo la mwisho hata yeye hakulijua.

Mama wa Leokadia akasimama. “Kwa hiyo mlituoza gizani! Mtoto wangu amekaa na mtu anayeweza kuanguka akiwa na mtoto mkononi, na wewe unajua, na unanipikia nyama!”

“Kweli,” alisema Mama Gaudensi. “Ungesema zaidi ya hayo, ingekuwa kweli.”

“Keti, shemeji,” alisema Mzee Kalinjuma. “Aliyeulizwa amejibu. Sasa wa kusema siyo mimi wala wewe.” Akamgeukia Leokadia.

Leokadia alikuwa ameshamshusha mtoto mgongoni, amemweka magotini. Mama Gaudensi hakuweza kumtazama usoni. Alitazama mikono ya mtoto, ambayo ilikuwa imeshika kipande cha kigae na inataka kukipeleka mdomoni.

Leokadia alimnyang’anya mtoto kile kipande, akakitupa kando.

“Nilimmwagia maji nikidhani amekufa,” akasema. “Halafu nikaambiwa malaria. Nikawa kila usiku namsikiliza anavyopumua, sijui nisikilize nini.”

Leokadia akageuka, si kwa mama yake wala kwa mama mkwe wake, bali kwa mumewe aliyekuwa bado amesimama kando ya mfuniko na mtaimbo mkononi.

“Dawa unakunywa saa ngapi?”

“Asubuhi na jioni,” alisema Gaudensi. “Baada ya kula.”

“Basi ya jioni bado,” alisema Leokadia. Akainuka, akamweka mtoto mapajani mwa Mama Gaudensi, akaingia jikoni kutazama kama ile nyama imesalimika.

Ndiyo hivyo, wanangu. Watu wa mstari walilichukua neno la Bi. Mwamvita, wakalipunguza hapa na pale kama mtu anavyopunguza nguo ya kurithi, mpaka likawatosha wote. Leo mkimsikia mtu akilisema mahali ambapo hapana chemba wala bomba, msishangae. Siyo chuma tu ambacho watu hukifunikia vigae. Mwonea aibu mfuniko huaibika sebuleni.